Mwalimu, Naomba Mchungu Mwingine

Katika kabati la jiko dogo la walimu kulikuwa na makopo mawili mapacha, moja la chumvi laini na jingine la sukari nyeupe. Yalikuwa na vibandiko. Siku nilipoyaosha vikatoka, nikajiambia nitabandika vingine kesho. Hiyo kesho ya mwalimu wa chekechea haimo kwenye kalenda yoyote.

Darasa langu lina watoto 12, wa miaka mitatu na minne, na siku hiyo tulikuwa na kazi ya kufinyanga. Watu wakipita dirishani na kumwona mtoto anaminya donge hudhani tunapoteza muda. Vidole vya umri huo bado vilegevu. Ukimpa mtoto penseli anaishika kwa ngumi nzima kama anayetwanga. Mpe kwanza unga aminye, aviringishe nyoka, abane vipande kwa ncha za vidole. Baada ya miezi michache penseli inakaa yenyewe kati ya kidole gumba na wenzake. Kwa hiyo unga wa kufinyanga haukosekani darasani kwangu, na huwa naupika mwenyewe asubuhi na mapema kabla hawajafika.

Kipimo changu ni vikombe 4 vya unga wa ngano, vikombe 2 vya chumvi, vikombe 4 vya maji, vijiko vikubwa 4 vya mafuta na vingine 4 vya maji ya limau. Rangi ya chakula naikoroga kwenye maji kwanza. Ukisubiri kuitia kwenye donge lililokwisha kuiva, donge linatoka na mabaka na mikono yako inatembea na rangi siku mbili. Vyote vinaingia sufuriani vikiwa baridi, unakoroga hadi madonge yaishe, ndipo unawasha moto mdogo. Mwanzo unaona uji tu. Baadaye uji unaanza kushika chini na kujikatakata, na hapa ndipo wengi hudhani wameharibu wakazima moto. Usiache mwiko. Ukifika wakati wake, unga wote unajikusanya kuuzunguka mwiko na kuziachia kuta za sufuria. Epua, mwaga mezani, ngoja upoe mkono uweze kuvumilia, kisha kanda mpaka uwe laini kama ndewe ya sikio. Usiufungie kwenye kopo ukiwa na joto, maana jasho lake litaurudisha kuwa uji.

Ile chumvi ina kazi mbili. Inazuia ukungu, hivyo unga ukifunikwa vizuri unadumu wiki kadhaa. Tena ndiyo mlinzi wangu: anayeonja mara moja harudii.

Unga wa siku hiyo ulitoka unang'aa. Ulikuwa pia unanata kwenye viganja kuliko kawaida, nikasema maji yamezidi, nikaongeza nusu kikombe cha unga. Mpishi mwenye akili angesimama hapo akajiuliza. Chumvi haifanyi donge ling'ae hivyo. Inayong'aa na kunata ni shira, yaani sukari iliyokutana na maji na moto. Mimi nilikuwa na dakika ishirini kabla ya mtoto wa kwanza kubisha hodi. Sikujiuliza kitu. Nikaona uzuri wote huo utakuwa bure bila harufu, nikatia na kijiko cha vanila.

Unga, sukari, mafuta, limau, vanila, moto mdogo. Yeyote aliyewahi kusimama jikoni anajua nilikuwa napika nini.

Kuna mmoja kati ya wale 12 ambaye ngano inamtoa vipele mwili mzima. Unga wake naupika mbali kabisa, kwa unga wa mchele, na sufuria yake na mwiko wake. Mchele hauna ule mvuto wa ngano, kwa hiyo donge lake huvunjikavunjika na nyoka wake hawafiki mbali, lakini ni lake. Nalitia rangi ya kijani, wenzake wapate buluu, ili hata kipande kikidondoka chini nijue ni cha nani. Huo wa kijani nilikuwa nimeupika wiki iliyotangulia, vibandiko vikiwa bado mahali pake. Mtamkumbuka mtoto huyu baadaye.

Basi tukaketi. Kila mtoto donge moja la ukubwa wa yai. Kabla ya kugawa huwa tuna kiapo.

"Huu unga unaliwa?"

"Hauliwiii!"

"Kwa nini hauliwi?"

"Ni mchunguuu!"

Nikagawa kwa moyo mweupe.

Darasani nina bwana mmoja wa miaka minne ninayemwita Hakimu, kwa sababu hakubali jambo bila ushahidi. Akautazama unga wake, akaunusa, akautoa ulimi kidogo akaugusa.

"Mwalimu, ni mtamu."

"Hapana, baba. Ni mchungu. Una chumvi."

Akaugusa tena, safari hii kwa kituo, macho yake yakitazama dari. Alikuwa na mambo mawili mbele yake, ulimi wake mwenyewe na neno la Mwalimu. Akaamua kesi kwa hekima kuliko mimi.

"Mchungu," akakubali. Akamega kipande.

Hilo la kumega sikuliona. Nilikuwa nimeinama kwa mtoto aliyevaa viatu kinyume na kugoma kuvibadilisha. Msaidizi wangu alikuwa amepeleka wawili chooni, na kwa sababu tulitamka neno choo kwa sauti, safari ikawa ya wanne. (Neno hilo halitamkwi mbele ya darasa. Unamshika mtoto mkono, mnaondoka kama mnakwenda kutazama maua.)

Kisha kukawa kimya.

Walimu wa madarasa ya juu wanakipenda kimya. Sisi wa chekechea tunakiogopa. Watoto wadogo wakiwa salama wanapiga kelele. Wakinyamaza wote kwa pamoja, ama wamelala ama kuna aliyepata mkasi. Mimi, baada ya miaka yote ya kazi hii, siku hiyo nilikipokea kama pongezi. Nikawatazama kwa mbali, vichwa vimeinama, mashavu yanacheza, nikajisemea moyoni: leo somo limekolea. Lilikuwa limekolea kweli, vikombe viwili vizima.

Nikavutwa nguo. Binti mdogo kuliko wote darasani.

"Mwalimu, naomba mchungu mwingine."

"Wako uko wapi?"

Akajipapasa tumbo.

Kabla sijaelewa, kilio kikapanda kutoka mwisho wa meza. Ni yule wa unga wa kijani. Alikuwa amewaona wenzake wanatafuna kwa raha, naye akaonja wa kwake, na wa kwake ulikuwa na chumvi halali ya kipimo. Anatema, anafuta ulimi kwa mkono wa shati, machozi yanamtoka.

"Wangu mbaya! Wao wana mchungu mzuri!"

Jirani yake ni msichana mwenye roho nzuri, wa kumpa mwenzake hata soksi. Akamwonea huruma. Akamkata nyoka wake wa buluu katikati, akamnyooshea nusu ya kichwani.

Samani za chekechea hazikujengwa kwa ajili ya mtu mzima anayekimbia. Viti vinakufika chini ya magoti na havionekani. Nilipiga teke cha kwanza, nikaruka cha pili, kikombe cha kusafishia brashi kikamwagika, na nikafika pale mezani kwa tumbo. Nyoka alikuwa amebakiza kidole kimoja kufika mdomoni. Nikamkwapua. Mkono mwingine ulikuwa umeshika meza nisianguke, mbele yangu mikono mitatu ilikuwa tayari imenyooshwa ikimtaka huyo nyoka, na kwa kukosa pa kumweka, nikamtia mdomoni mwangu.

Mtamu. Una na vanila.

"Mwalimu anakula mchungu!"

Sheria niliyoijenga tangu mwanzo wa mwaka ikafia hapo. Waliokuwa wanamega kwa siri wakamega hadharani. Mmoja aliyekuwa mtiifu hadi dakika ile, hajaonja hata chembe, akanitazama kwa uchungu wa mtu aliyedanganywa, kisha akaingiza donge lake lote kwa mara moja.

Msaidizi akarudi na msafara wake wa chooni. Akasimama mlangoni.

"Mwalimu," akasema polepole, "mdomo wako."

Tulianza na yule wa mchele. Maji na sabuni mikononi, usoni, na kwenye meza yake. Ile dawa ya kupaka mikononi inaua vijidudu lakini haiondoi ngano, na kitambaa kikavu kinaihamisha tu kutoka hapa kwenda pale. Tukamtazama asubuhi nzima. Hakutoka kipele. Kilichomuuma ni dhuluma tu. Wengine tuliwasukutua, mmoja mmoja, kazi ambayo kwa mtoto wa miaka mitatu maana yake ni kumeza kikombe kizima cha maji na kukuambia amemaliza.

Kisha nikakusanya ushahidi. Yalitoka madonge 11 ya buluu. Nilipoyabananisha yaliyorudi nikapata saba, na hapo nimehesabu na kile nilichokibandua chini ya meza. Manne yalikuwa tumboni mwa raia. Kilichonipa usingizi usiku huo ni kwamba nilikuwa nimeupika. Kuna aina ya unga huu usiopikwa, wa kuchanganya tu na maji ya vuguvugu, na unga mbichi unaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Kwa unga huo, yale madonge manne yaliyoliwa yangekuwa habari nyingine.

Daftari la matukio linataka saa, jambo lililotokea, hatua iliyochukuliwa na aliyearifiwa, bila maneno ya ziada. Nikaandika: "Saa 4:20 asubuhi, watoto 11 na mwalimu 1 walikula kifaa cha kujifunzia." Mwalimu mkuu akalisoma mara mbili. Akaninyanyulia macho aulize, akaona midomo yangu, akasaini.

Wazazi niliwaandikia karatasi fupi, kila mtoto na ya kwake. Lakini bibi wa yule binti mdogo hakungoja karatasi. Alimwona mjukuu mlangoni midomo ya buluu, ulimi wa buluu, na mtu wa umri wake anajua kwamba midomo ya buluu ni pumzi iliyokata. Akapiga ukelele uliosimamisha wazazi wote getini. Nikakimbia na kitambaa chenye maji, nikafuta, midomo ikarudi rangi yake. Hiyo ndiyo tofauti: rangi ya chakula inatoka na kitambaa, ya kukosa pumzi haitoki.

"Amekula nini?"

"Mchungu," akajibu mjukuu, uso umejaa furaha.

Bibi akanigeukia kwa macho ambayo sitayaeleza. Nikamwamkia. Nilipofungua mdomo kumwamkia, naye akaona wa kwangu.

Kwenye ile karatasi nilisahau mstari mmoja. Alfajiri simu ikalia, ujumbe wa baba mmoja, maneno manne: "Mwalimu, kijani. Ni kawaida?" Ni kawaida. Rangi ya buluu ikipita tumboni, ikachanganyika na nyongo ya njano, inatoka kijani kibichi, na inaisha siku moja au mbili. Nilimjibu hivyo, kisha nikawatumia wengine kumi kabla hawajauliza.

Nilipofungua darasa asubuhi hiyo, sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani, wakashuka ukuta, wakavuka zulia la hadithi, wakapanda kabati hadi kwenye kopo nililohifadhia yale mabaki kama kumbukumbu ya aibu yangu. Nikashika ufagio. Watoto wakaingia, wakauona mstari, wakalala kifudifudi wote 12 pua chini. Somo la wadudu lilikuwa wiki tatu mbele kwenye mpango wa kazi. Nikauweka ufagio. Dakika arobaini walikaa pale, watu ambao hadithi ya dakika kumi huwashinda. Walihesabu hadi ishirini bila kuruka kumi na tano, kitu nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo wa muhula. Hakimu aliweka kijiti njiani kuona watazunguka au watapanda. Walipanda. Akaweka kikubwa zaidi.

Makopo yale yana vibandiko sasa, kwa wino usiotoka na maji, na la chumvi lina mfuniko mwekundu. Naonja pia, kila sufuria, punje moja kwenye ncha ya ulimi kabla ya kumimina.

Wiki iliyofuata mama yake Hakimu alibaki nyuma wengine walipoondoka.

"Mwalimu, samahani. Hivi hapa mnawafundisha neno chungu maana yake nini?"

Nikamwuliza kumetokea nini.

"Ana kikohozi. Kapewa dawa, nami nikamweleza ukweli: mwanangu, hii ni chungu sana, jikaze. Akapiga makofi. Akafungua mdomo hadi nikaona koo."

"Akameza?"

"Akameza. Halafu akanitazama muda mrefu, Mwalimu, hata nikaogopa. Akaniambia, 'Mama, umekosea kopo.'"