Maskini wao ana jina

Jumapili nimerudi kutoka zamu ya usiku, usingizi ukagoma, nikaiangalia tena I, Daniel Blake, ile filamu ya Ken Loach iliyotwaa Palme d'Or kule Cannes mwaka 2016. Nikafika pale Katie, mama wa watoto wawili, amekwenda kuchukua chakula cha msaada huko Newcastle. Anajibanza kwenye rafu, anafungua kopo, anajimiminia kiganjani na kubugia palepale. Halafu analia kwa aibu. Nikazima.

Mara ya kwanza, nikiwa mgeni huku Uingereza, sikumwonea huruma hata kidogo. Maskini gani ana nyumba ya halmashauri na choo cha ndani? Nilikosea. Daniel ni fundi seremala wa miaka 59, moyo mgonjwa, daktari kamkataza kazi, ofisi ya posho ya serikali inasema kazi anaiweza. Anazungushwa na fomu za kompyuta asiyoijua, na simu inayompigia muziki tu. Njoo kesho ileile! Mwisho anaandika jina lake kwa rangi kwenye ukuta wa ofisi. Filamu nzima ni yake.

Sasa maskini wetu yuko wapi? Kwenye filamu zetu nyingi ni hausigeli anayeleta juisi kwenye sebule ya jumba la kukodi, au mshamba wa kuchekwa lafudhi. Akipewa nafasi kubwa, lazima aolewe na mwenye gari.

Najua mtasema: kala mkate wa Mzungu, anatudharau. Siwadharau. Hata hawa Waingereza wanapenda mno filamu za malkia na mabwanyenye. Lakini tangu Kes, filamu ya Loach huyohuyo ya 1969, mtoto wa Barnsley, mji uliokuwa wa migodi ya makaa, anaongea kwa lafudhi ya kwao na hachekwi. Na msiniambie hatuwezi. Adam Shafi alituandikia Kuli, makuli wa bandari ya Zanzibar wakagoma kwenye kurasa zake. Watu wanataka kusahau shida, mtasema. Basi mbona mama yangu, aliyeuza vitumbua maisha yake yote, kila akiangalia huuliza yule hausigeli analala wapi?

Mimi nataka kumwona mama huyo kwenye filamu. Saa kumi alfajiri, anapuliza mkaa, sikio liko barabarani kusikiliza gari la mgambo.