Mteja Wangu wa Kwanza Yuko Sikonge

Uwakala wa pesa za simu ukiuangalia kwa nje ni kazi ya kukaa. Mtu yuko kibandani, kavaa fulana ya kampuni, kifeni kinampepea, anapokea hela za watu, anawapa meseji. Miaka miwili nilimwangalia wakala wa pale Mbagala Rangi Tatu kila nikisubiri daladala, nikijisemea huyu jamaa anakula bila jasho.

Nikaingia na mimi. TIN nikachukua, leseni ya biashara nikalipia, kitambulisho cha NIDA nilikuwa nacho. Mtaji, laki nane, ulitoka kwenye kijumbe cha mke wangu, ule mchezo wa kupeana hela kwa zamu, ndiyo maana kisa hiki yeye alikuja kukisikia Sikukuu ya Idi, tena kwa bahati mbaya. Wakala mkuu akanipa laini, bango, fulana na daftari, akanifundisha kama dakika arobaini, nusu yake akiongea na simu. Nilichokishika ni kimoja: gawa mtaji, nusu floti, nusu keshi. Floti ni hela iliyo ndani ya laini; ikiisha huwezi kumwekea mtu, keshi ikiisha huwezi kumtolea. Halafu wakati anaondoka akaongeza, kama mtu aliyekumbuka mwavuli: jina ni la kampuni, rangi ni za kampuni, hela ikipotea ni yako.

Siku ya kwanza nilifungua saa kumi na mbili na nusu. Hadi saa tatu walikuwa wamekuja watu wawili. Mmoja alitaka chenji ya elfu kumi. Wa pili aliuliza choo kiko wapi.

Saa tatu na robo akaja mama mmoja, akafungua fundo la khanga, akatoa wekundu wa Msimbazi thelathini wananukia dagaa.

"Mwanangu, niwekee laki tatu. Mtoto karudishwa ada."

Nilizihesabu mara tatu. Mara mbili za uhakika, moja ya raha. Akanitajia namba mbiombio, mwisho akamalizia "sitini na tisa". Mimi nikabonyeza 96.

Kiswahili nacho kina mchango wake hapa. Sita na tisa, sitini na tisini! Waliotuachia hesabu hizi hawakuwa na mpango wa kufungua kibanda.

Laini ikaleta jina la mpokeaji ili nithibitishe. Lilikuwa jina la mwanamume, la Kinyamwezi hasa, na mbele yangu amesimama mama wa Kirufiji. Nililiona. Kulisoma ndiko sikulisoma. Nikaweka namba ya siri, nikatabasamu, nikamwambia karibu tena mama.

"Meseji haijaja."

"Mtandao, mama."

Dakika tano. "Huo mtandao unakuja kwa miguu?"

Nikafungua daftari nikamsomea namba niliyoiandika. Akanikata palepale. "Mimi nimesema sitini na tisa. Wewe unasoma tisini na sita."

"Si ndiyo hiyohiyo, mama?"

Mpaka leo sijui kwa nini nilisema vile.

Nikapiga huduma kwa wateja, nikawekewa muziki. Ulipoanza upya mara ya tatu nikaona bora nimpigie mwenye bahati mwenyewe. Ikapokelewa na sauti ya mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, samahani sana, mimi ni wakala, niko Dar es Salaam. Kuna hela nimekosea, zimeingia kwako..."

Nikasikia mtu anavuta pumzi. Kisha akacheka, kile kicheko cha mtu aliyekuwa anakusubiri.

"Mjukuu wangu, wewe ni wa tatu wiki hii. Juzi mwenzako kaniambia ile hela niitume kwenye namba hii. Mimi ile sina, wala hii sina."

"Mzee, mimi ni wakala wa kweli."

"Wote ni wa kweli. Ila wewe umenifurahisha, umeanza na shikamoo. Matapeli wa siku hizi mna adabu."

Akakata.

Hapo ndipo nilipoelewa nilivyokwama. Kila sentensi ya kweli niliyokuwa nayo ilikwisha kutumiwa na mwizi. "Nimekosea kutuma" ni ya mwizi. "Angalia salio lako" ni ya mwizi. Hata kulia, nilikuwa karibu kulia, na kulia nako wamekwisha kulia.

Mama naye hakuondoka. Keshi yake ninayo, ndiyo, lakini kwenye floti imebaki laki moja, na yeye hataki keshi, anataka meseji aipeleke shuleni. Akavuta kigoda changu, akakiweka mlangoni, akakaa. Kila aliyesogea na simu mkononi alipokewa na yeye kabla yangu.

"Unaweka au unatoa?"

"Naweka, mama."

"Basi pita mbele. Za hapa zinakwenda kwa Wanyamwezi."

Nilimpigia mzee mara sita. Mara ya nne alinishauri nijifunze ufundi, hata wa baiskeli. Mara ya tano alipokea mkewe, akanisalimu "mwangaluka", akaniambia mzee kaenda kwenye mizinga ya nyuki, na kwamba Mungu anaona. Ya sita nikaacha kuomba.

"Mzee, usinitumie hata senti. Nenda kwa wakala wa hukohuko unayemfahamu, akuangalizie salio. Basi."

Kimya. Nafikiri hilo wezi walikuwa hawajamwambia.

"Wakala yuko Sikonge mjini, huku Tabora. Boda elfu tano kwenda, elfu tano kurudi. Analipa nani?"

"Mimi, mzee."

Saa saba kasoro simu ikaita. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya mtu anayeongea ndani ya msikiti.

"Mjukuu wangu. Zimo kweli."

Mama akainuka kutoka kwenye kigoda. Mimi nikakaa chini.

Zikarudi 285,000. Elfu kumi za boda, nyingine makato ya kutuma, na kilichobaki, kwa maneno yake, "soda ya wakala wa huku, naye kashtuka". Sikubisha. Ila zimeingia kwenye laini yangu ya kawaida, na ninapozihitaji ni kwenye laini ya uwakala. Kwa hiyo nikajihudumia: mimi mteja nikatoa hela kwa mimi wakala, nikajikata makato, nikajiandika kwenye daftari, nikasaini pande zote mbili. Kisha nikamwekea mama laki tatu zake. Safari hii jina nililisoma kama wosia.

Meseji ikaingia. Mama akaitazama, akarudisha kigoda mahali pake, akanipa pole. Kisha akauliza kama makato ya kutoa huko shuleni ni juu yangu.

Kamisheni ya kazi yote ile haikufika bei ya chapati mbili. Mke wangu alipopiga jioni kuuliza kama nimepata mteja, nikamjibu nimepata watatu, na mmoja ni mtu wa mkoani. Akafurahi sana.

Wiki mbili baadaye, kibanda kimepwaya kama kawaida yake, akaja kijana na begi mgongoni, akasoma bango, akanitazama mimi, akasoma bango tena.

"Kaka, samahani. Wewe ndiye yule wakala aliyekosea hela?"

Nikajiandaa kukana.

"Baba yangu yuko Sikonge. Kasema nikitaka kumtumia hela nisiende kwingine, nije kwako." Akahesabu laki na nusu juu ya meza. "Namba inaishia tisini na sita. Na kasema kabla hujabonyeza, nikusikie ukilisoma jina kwa sauti."