Binti Anapojibu kwa Beti

Agosti 2024 jimbo la Utah, Marekani, lilitoa orodha ya vitabu 13 ambavyo havitakiwi tena katika shule yoyote ya umma ya jimbo hilo. Viwili kati ya hivyo, Tilt na Fallout, ni vya Ellen Hopkins, na vyote viwili ni riwaya za vijana zilizoandikwa kwa mashairi. Hopkins ameshazoea. Shirika la PEN America, linalotetea uhuru wa kuandika, lilimtaja kuwa mwandishi aliyepigwa marufuku kuliko wote katika shule za nchi hiyo mwaka wa masomo wa 2022–23. Ajabu kidogo, maana sisi tumezoea kulalamika kwamba vijana wanaukimbia ushairi, na huko watu wazima wanahangaika kuwazuia wasiusome.

Riwaya ya kishairi ni hadithi moja ndefu yenye wahusika na matukio kama riwaya yoyote, ila kila ukurasa au kurasa mbili ni shairi, mara nyingi bila vina wala mizani. Anayesimulia karibu kila mara ni kijana mwenyewe. Walimu wanazipenda kwa sababu ambayo haina ufasihi mwingi: mwanafunzi anayeogopa kitabu kinene anafungua, anakuta mistari michache na ukurasa mweupe, anaendelea. The Poet X ya Elizabeth Acevedo ina kurasa zaidi ya 350, na msomaji wa kawaida anaweza kuimaliza jioni moja.

Kitabu hicho cha 2018 ndicho mfano bora wa upande unaozitetea. Xiomara ana miaka 15, anaishi Harlem, New York, wazazi wake wametoka Jamhuri ya Dominika, na mama yake ni Mkatoliki asiyecheka na dini. Mwili wa binti umekua kabla ya yeye kuwa tayari, wanaume wanamtupia maneno barabarani, na nyumbani mwili huohuo unachukuliwa kama kosa lake. Anampenda mvulana anayesoma naye baiolojia. Ana pacha wa kiume anayewapenda wavulana na anayeificha siri hiyo. Hayo yote Xiomara anayaandika katika daftari lake la mashairi, mpaka siku mama analigundua na kulichoma moto.

Ukitazama vizuri utaona ushairi hapa una kazi. Wakati binti na mvulana wake wanapokaribia kwenda mbali, shairi linapungua maneno. Xiomara anasema basi, na mvulana anaacha. Mwandishi wa nathari, yaani wa lugha ya kawaida isiyo ya kishairi, angelazimika kueleza chumba, mikono na nguo. Mshairi anaruka, na msomaji anabaki na lile lililo muhimu, kwamba msichana amekataa na amesikilizwa. Somo hilo la ridhaa sijaliona likifundishwa vizuri zaidi na bango lolote la afya ya uzazi.

Lakini si kila anayekata mistari ni mshairi. Mshairi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipochapisha diwani yake Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo waliokuwa wakilinda vina na mizani walidai kwamba ile ni nathari iliyokatwakatwa. Kwa Kezilahabi walikosea. Kwa sehemu kubwa ya riwaya hizi wangepatia, kwani ukiiunganisha mistari inarudi kuwa aya ya kawaida bila kupoteza chochote. Hapo nafasi tupu haifumbi kitu. Inanenepesha kitabu tu.

Na wepesi huo ndio unaompa mzazi sababu ya kuuliza. Tilt ina msichana aliyepata mimba akiwa bado shuleni, mvulana anayempenda mvulana mwenzake anayeishi na VVU, na binti mdogo anayeukimbilia utu uzima kwa kumfuata mvulana aliyemzidi umri. Nathari nzito ingemchosha msomaji wa miaka 12 kabla hajafika kwenye mambo makali. Mistari mifupi inamfikisha haraka. Zaidi ya hapo, “mimi” wa riwaya hizi hana msimulizi wa pembeni anayepima analotenda. Hopkins huwaonyesha wahusika wake wakilipa gharama ya maamuzi yao, mara nyingi gharama ya kutisha, ila malipo huja kurasa nyingi baadaye. Mzazi anayesema hilo haliwafai watoto wa umri wote si mshamba. Nawajua wazazi wa kwetu walioko Marekani wanaoogopa kumuuliza mwalimu mtoto wao anasoma nini, wasije wakaonekana wamekuja na “mambo ya Afrika”. Waulize tu.

Wengine wanaona ushairi wenyewe ndio uliokosea kwa kuingia chumbani. Kwa Mswahili hoja hiyo haina miguu. Mwana Kupona, mshairi wa pwani ya Kenya, mnamo 1858 alimtungia binti yake utendi wa beti mia na ushei ambamo, pamoja na dini na adabu, anamfunza namna ya kujipamba, kujifukiza na kumliwaza mume. Mambo ya unyumba yameimbwa kwa beti pwani hii kabla riwaya ya Kiswahili haijazaliwa. Kinachotofautiana ni mdomo. Katika utendi mama anasema na binti anasikiliza. Katika The Poet X binti ndiye anayesema, na mama ni mhusika ndani ya maneno ya mwanawe. Nashuku kwamba hasira nyingi zinatoka hapo kuliko kwenye busu. Acevedo mwenyewe hamtupi mama, kwa kuwa mwishoni ni padre wao anayewakalisha pamoja. Waandishi wanaomwiga si wote wenye subira hiyo, na mzazi mwenye imani amekuwa adui wa kawaida katika vitabu vingi vya vijana.

Uingereza ilijaribu njia ya kimya. Kuanzia 1988 kifungu maarufu kwa jina la Section 28 kilizikataza halmashauri “kukuza” mapenzi ya jinsia moja, na walimu wengi wakaona salama ni kutolitaja jambo hilo kabisa. Scotland ilikifuta mwaka 2000, England na Wales 2003. Dean Atta, mshairi wa London mwenye asili ya Jamaika na Kupro, alisoma shule katika kipindi hicho. Mwaka 2019 alitoa The Black Flamingo, kuhusu Michael, kijana wa damu hizohizo mbili, tangu utotoni hadi chuo kikuu Brighton, anapothubutu kupanda jukwaani kwa mavazi ya kike. Kuna mahali kitabu kinahubiri, na baadhi ya wahusika wa pembeni wanaongea kama vipeperushi. Hata hivyo sioni sheria ile ilipunguza nini. Wavulana kama Michael walikuwepo darasani wakati wote. Walichokosa ni mtu mzima wa kuzungumza naye.

Sasa ya kimahakama. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliwapa ushindi wazazi Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wa Montgomery County, Maryland. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya picha, vya watoto wadogo, vyenye wahusika wa jinsia moja wanaopendana. Iliagiza kwamba, wakati kesi ikiendelea, wazazi hao waarifiwe mapema na waruhusiwe kuwatoa watoto wao katika masomo hayo. Vitabu vinabaki. Uamuzi huo una walakini wake, kwani mwalimu anayechoka na barua za kuwaarifu wazazi ataviacha vitabu kimyakimya, lakini angalau kila mzazi anaamua kuhusu mwanawe.

Utah ni jambo jingine. Sheria yao ya 2024 inasema wilaya tatu za shule zikikiondoa kitabu, au wilaya mbili pamoja na shule tano za mkataba (za umma lakini zinazojiendesha zenyewe), kinaondoka jimbo zima. Jimbo lina wilaya 41. Mzazi wa wilaya ya nne ambaye binti yake ana miaka 17, amesoma Tilt pamoja naye na kuona inafaa kuzungumzwa darasani, haulizwi. Wale waliodai haki ya mzazi Maryland na wale wanaoshangilia orodha ya Utah mara nyingi ni watu walewale, na sijasikia wakieleza haki ya mzazi huyu imekwenda wapi.