Mgeni Apewe Anwani, Siyo Godoro Tu

Miezi minne ya kwanza niliyoishi Berlin, jina langu halikuandikwa mahali popote. Nilipanga chumba katika fleti ya Mtanzania mwenzangu katika mtaa wa Wedding, ghorofa ya nne, nikawa namlipa euro 450 kila mwezi mkononi, bila mkataba wala risiti, na sharti lake lilikuwa moja tu: nisijisajili kwa anwani yake. Sharti hilo sikulielewa, kwa hiyo nililikubali haraka. Nilitoka Dar es Salaam, ambako mtu akihama Sinza kwenda Tabata hupakia kitanda na masufuria kwenye kirikuu akaondoka, na suala la kwenda kujitambulisha kwa mjumbe wa shina au katika ofisi ya serikali ya mtaa hulifikiria baadaye, siku anapohitaji barua.

Ujerumani haiendi hivyo. Kila anayehamia nyumba anatakiwa ajisajili katika ofisi ya wakazi ndani ya wiki mbili tangu alipohamia. Shughuli hiyo huitwa Anmeldung, na Waswahili wa huku tumelichukua neno lote lilivyo. Mtu hufika leo, kesho anaulizwa kama ameshafanya Anmeldung. Tangu Novemba 2015 hupokelewi ukiwa na pasipoti peke yake. Lazima uje na fomu, Wohnungsgeberbestätigung, iliyotiwa saini na yule aliyekupa makazi, ikithibitisha kwamba kweli umehamia kwake. Anayetia saini si lazima awe mwenye jengo. Mpangaji aliyekupangisha chumba chake naye anaweza kuitia saini, tena sheria inamlazimu, na akikataa anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000. Wale wanaouza anwani kwa mtu ambaye hahamii kabisa wana adhabu kubwa zaidi, faini inayoweza kufika euro 50,000, na ninawaomba wageni wasiikaribie biashara hiyo hata wakiwa wamebanwa kiasi gani.

Mtu asiyejua anaweza kudhani kwamba hii ni karatasi moja kati ya karatasi nyingi za Wazungu. Sivyo. Ukishajisajili, ndipo namba yako ya kodi ya mapato inapotumwa kwa posta. Bila namba hiyo mwajiri hulazimika mwishowe kukukata kodi kwa daraja la sita, ambalo makato yake ni makubwa kuliko ya madaraja mengine yote. Benki nyingi huomba cheti cha usajili kabla ya kufungua akaunti, kwa sababu pasipoti zetu haziandikwi anwani ya mwenye nazo. Mwanafunzi aliyezuiliwa fedha zake katika akaunti maalumu ili apewe viza (kiasi hicho kwa mwaka ni euro 11,904 kwa viwango vilivyoanza Septemba 2024) hapewi donge la kila mwezi mpaka awe na akaunti ya kawaida ya kulipokelea. Idara ya wageni nayo, anapoomba kibali cha ukaazi, humuuliza kwanza amesajiliwa wapi. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika nchi hii jembe lenyewe ni anwani. Asiyekuwa nayo anabaki mgeni mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, hata awe na mikono yenye nguvu namna gani.

Kuna jambo moja dogo ambalo sikuambiwa na mtu kabla ya kusafiri. Katika majengo mengi ya Berlin milango ya fleti haina namba. Ukiingia mlango mkubwa, ukutani kuna safu za masanduku ya barua ya bati, kila moja na kidirisha chembamba cha plastiki, na ndani ya kidirisha hicho kuna jina la ukoo. Tarishi hatafuti ghorofa wala upande wa kulia au kushoto, anatafuta jina. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Sanduku la fleti yetu lilikuwa na jina la mwenyeji wangu pekee. Mwezi wa pili nilikata kipande cha karatasi, nikaandika jina langu kwa kalamu ya wino, nikakibandika kwa gundi ya karatasi chini ya jina lake, kwa kuwa nilikuwa nikisubiri barua kutoka chuoni. Jioni nilikikuta kimebanduliwa, na alama ya gundi imebaki. Hakunisema. Na mimi sikumuuliza.

Nje ya jengo lile, mwendo wa dakika chache, kuna mtaa ambao Wajerumani wanauita Mtaa wa Kiafrika. Humo ipo barabara ya Sansibarstraße, ipo Ugandastraße, ipo Kongostraße, na tangu Agosti 2024 sehemu ya iliyokuwa Petersallee inaitwa Maji-Maji-Allee. Nilipita chini ya vibao hivyo kila siku nikienda kwenye treni. Majina ya kwetu yamening'inia kwenye milingoti, na mimi ndani ya nyumba ya ndugu yangu sikuwa na upana wa vidole viwili vya kuandika jina.

Ninaandika haya si kwa ajili ya kumsema mwenyeji wangu, ambaye alinipikia ugali usiku wa kwanza na kunipa koti lake la baridi. Ninaandika kwa sababu desturi hii imeenea miongoni mwetu, Watanzania, Wakenya na Wakongomani tunaozungumza Kiswahili katika miji ya Ujerumani, na tumeizoea kiasi kwamba matangazo ya vyumba katika makundi yetu ya simu huandika "bila usajili" kama mtu anavyoandika "maji yapo". Naona ni kosa. Anayempangishia mgeni godoro na kumnyima anwani anamchukulia fedha zake za kuanzia maisha huku akimzuia asiyaanze.

Wenyeji wana hoja zao, na ya kwanza ni ya kweli: mkataba wa mpangaji haumruhusu kuingiza mtu mwingine bila idhini ya mwenye nyumba, na anaogopa kwamba jina jipya likionekana atafukuzwa. Lakini hofu hii ina dawa ndani ya sheria yenyewe. Kifungu cha 553 cha Sheria ya Kiraia ya Ujerumani, BGB, kinampa mpangaji haki ya kudai ruhusa ya kupangisha sehemu ya makazi yake ikiwa ana sababu ya haki iliyojitokeza baada ya kusaini mkataba, kwa mfano mwenzake amehama au kipato kimepungua. Mwenye nyumba anaweza kukataa kwa sababu nzito tu, kama vile chumba kujaa watu kupita kiasi. Barua ya nusu ukurasa inatosha. Chama cha wapangaji humsaidia mwanachama wake kuiandika. Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini: wapo wanaopokea ruzuku ya serikali ya kodi ya nyumba, nao hawataki ijulikane kwamba wanapata fedha za mpangaji mwingine. Hapo sina la kuwatetea. Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, nayo ni kusema kwamba mgeni ashukuru kwa kusitiriwa. Kusitiri ni kusitiri pale ambapo fedha hazitolewi. Ukipokea euro 450 umekuwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba ana wajibu.

Madhara ya kuishi kwa kujificha hayaishii siku unapoondoka. Nilipoanza kutafuta fleti yangu mwenyewe, kila tangazo lilitaka nyaraka zilezile: hati za mshahara za miezi mitatu, taarifa ya Schufa, ambayo ni kampuni inayotunza kumbukumbu za madeni ya watu, na barua ya mwenye nyumba wa zamani kwamba mpangaji hadaiwi kitu. Nilikuwa nimelipa kodi miezi minne bila kuchelewa hata siku moja, na sikuwa na kipande cha karatasi cha kuonyesha. Katika ukaguzi mmoja huko Neukölln tulipanga foleni ngazini kuanzia mlango wa jengo mpaka ghorofa ya tatu, kila mmoja na faili lake. Mbele yangu alikuwapo binti na baba yake, aliyekuja kumdhamini. Fleti yenyewe ilikuwa vyumba viwili vitupu. Jikoni palikuwa na mabomba yaliyotoka ukutani na nyaya za umeme zilizofungwa kofia za plastiki, maana huku mpangaji mara nyingi hununua jiko, makabati na sinki lake mwenyewe. Dalali alichukua faili langu, akafungua ukurasa wa Schufa uliokuwa hauna kitu, akalirudisha kwa upole. Kutokuwa na deni na kutokuwa na historia yalikuwa mambo mawili tofauti kwake.

Kwa upande wa fedha, sheria inamlinda mpangaji kuliko tulivyozoea. Amana haizidi kodi ya miezi mitatu, ile kodi tupu ambayo haijajumuisha gharama za joto na huduma, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi. Dalali wa nyumba ya kupanga, tangu Juni 2015, hulipwa na aliyemwagiza, ambaye karibu kila mara ni mwenye nyumba. Mtu aliyezoea kumlipa dalali wa Kinondoni kodi ya mwezi mzima, mbali na miezi sita ya mbele kwa mwenye nyumba, huona jambo hili kuwa geni, na ugeni huo ndio matapeli wanaoutumia. Wanaweka picha za fleti nzuri kwa bei ndogo, wanasema mwenyewe yuko London na atatuma funguo kwa posta ukishatuma amana. Usitume. Hakuna funguo.

Kwa hiyo ninawaomba wadogo zangu mnaojiandaa kuja kwamba swali la kwanza mkimpigia simu ndugu au rafiki lisiwe bei. Ulizeni: "Kaka, nitajisajili kwako?" Akisema ndiyo, ulizeni kama mwenye nyumba anajua, na ombeni kulipa kwa benki mara akaunti itakapofunguliwa, ili kila euro iache alama. Akisema hapana, hata kama ni binamu yenu, tafuteni kwingine mngali nyumbani, kwa kuwa kutafuta ukiwa umeshafika na mabegi mawili mkononi ni kazi nyingine kabisa. Vyumba vya mashirika ya huduma za wanafunzi ombeni mapema, maana orodha za kusubiri ni ndefu.

Mwaka jana nilipata zamu yangu. Mwanafunzi kutoka Kisumu aliletwa kwangu na rafiki, na chumba kidogo nilikuwa nacho. Nilimwandikia mwenye nyumba, nikangoja wiki tatu bila jibu, nikaandika tena nikitaja kifungu cha 553, na safari hii ruhusa ikaja ndani ya siku nne. Siku aliyohamia tulikaa mezani, nikajaza fomu na kutia saini mbele yake. Kisha tulishuka pamoja na mkasi na kadi nyeupe. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, akalisogeza sogeza ndani ya kidirisha mpaka likakaa sawa chini ya langu. Wiki ya tatu namba yake ya kodi ilifika. Aliikuta mwenyewe, akapanda ngazi akikimbia.