Saa Mbili Usiku Haitugombanishi Tena

Nyumbani kwetu Tanga, saa mbili usiku ya Jumapili ilikuwa saa ya mvutano. Ligi Kuu ya England huwa na mechi yake ya saa kumi na nusu jioni kwa saa za kule. Waingereza wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, mechi hiyo kwetu inaanza saa moja na nusu usiku, kwa hiyo taarifa ya habari inaikuta hata kipindi cha kwanza hakijaisha. Mume wangu anataka mpira. Mama mkwe, ambaye tangu enzi za redio hajawahi kulala bila kusikia habari, anataka habari. Na mama hagombi na mtu. Anainuka taratibu, anasema "Angalieni tu wanangu," anaingia chumbani kwake. Mlango ule ukishafungwa, hata goli likiingia halina utamu.

Miezi miwili iliyopita tulinunua king'amuzi kipya cha kurekodi, chenye tyuna mbili. Tyuna ndicho kiungo kinachokamata chaneli. King'amuzi cha kawaida kina moja tu, kwa hiyo chaneli unayoitazama ndiyo hiyo hiyo pekee unayoweza kuipata kwa wakati huo. Chenye tyuna mbili kinakamata chaneli mbili kwa mpigo: unatazama moja huku nyingine inarekodiwa kwenye diski iliyo ndani yake. Ukitaka, unarekodi zote mbili huku ukitazama kitu ulichokihifadhi wiki iliyopita.

Nilikuwa naamini vyombo hivi ni vya watu wanaopenda sana televisheni. Sasa naamini ni vya watu ambao muda wao si wao. Mimi ni muuguzi. Zamu ya mchana inanirudisha nyumbani saa tatu usiku, zamu ya usiku inanilaza mchana kutwa. Kwa miaka yote hiyo tamthilia nimezijua kwa kusimuliwa na binti yangu tukiwa jikoni, yeye akimenya vitunguu, mimi nikijaribu kukumbuka nani alikuwa mke wa nani. Kituo cha televisheni kinapanga ratiba yake kwa kumfikiria mtu aliyekaa sebuleni saa mbili usiku. Mlinzi, dereva wa basi la mikoani, mama lishe anayeosha masufuria saa hiyo, muuguzi: sisi hatumo katika hesabu hiyo. Chombo hiki kimetuingiza.

Sala nayo ina nafasi yake. Miezi ambayo saa za Uingereza ziko mbele, mechi ile ile ya Jumapili huanza saa kumi na mbili na nusu jioni, na hapo adhana ya Magharibi ama imetoka kusomwa ama inasomwa. Zamani mume wangu alikuwa anasali haraka kuliko inavyofaa, na alikuwa anajua hivyo, na ilikuwa inamuuma. Siku hizi anabonyeza kitufe chenye vijiti viwili, picha inaganda mchezaji akiwa mguu mmoja hewani, anakwenda msikitini. Akirudi anaendelea palepale. King'amuzi kimekuwa kikiandika mechi kwenye diski wakati wote alipokuwa hayupo. Kwa maoni yangu, kitufe hicho kimoja kinatosha kuhalalisha bei yote.

Lakini niseme ukweli kuhusu kukifunga, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoliwa pesa zao. Fundi wa kwanza aliyekuja aliuangalia waya mmoja unaoshuka kutoka kwenye dishi letu, akauwekea splita ya bei ndogo, kile kifaa cha kugawa waya, akatoa ncha mbili, akachomeka zote kwenye king'amuzi, akachukua pesa yake. Jioni hiyo tuliweka habari zirekodiwe na tukafungua mpira. Skrini ikaandika kwamba hakuna mawimbi. Tukizima kurekodi, mpira unarudi. Tukirekodi chaneli nyingine, mpira unabaki. Tukirekodi ile, unapotea. Tulidhani king'amuzi ni kibovu.

Hakikuwa kibovu. Chaneli za satelaiti zinarushwa katika mikao miwili ya mawimbi, wima na mlalo. King'amuzi kinaiambia LNB, kile kichwa kidogo kilicho mbele ya dishi, kichukue mkao upi, na lugha yake ni umeme: volti 13 kwa wima, volti 18 kwa mlalo. LNB ya kawaida yenye tundu moja inatii amri moja tu kwa wakati mmoja. Ukiugawa waya wake mara mbili, tyuna hii inaomba wima na ile inaomba mlalo kwenye waya ule ule, na mmoja lazima ashindwe. Chaneli mbili zikiwa za mkao mmoja unaweza kubahatika, ndiyo maana ilikuwa inakubali na kukataa. Fundi wa pili, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alipanda juu ya bati, akatoa LNB ile, akaweka yenye matundu mawili, akashusha waya wa pili hadi sebuleni. Akasema, "Tyuna mbili, waya mbili. Hakuna njia ya mkato." Zipo siku hizi LNB maalumu zinazopitisha tyuna kadhaa kwa waya mmoja, ila lazima king'amuzi chenyewe kiwe kimetengenezwa kuzielewa. Kama chako si cha namna hiyo, dai waya wa pili kabla hujatoa hata shilingi.

Jambo jingine ni joto. Ndani ya chombo hiki mna diski inayozunguka wakati wote kimewashwa, hata kama hujaagiza kurekodi chochote, kwa sababu kinaihifadhi chaneli unayoitazama ili uweze kuirudisha nyuma. Siku ya tatu nilikishika juu nikaondoa mkono. Mama alikuwa amekifunika kitambaa cheupe cha kufuma, chenye maua ya njano pembeni, kama anavyofunika redio, televisheni na jagi la maji. Kitambaa kile alikifuma mwenyewe. Sikuthubutu kukiondoa nikakikunja. Nilikaa naye, nikamwekea kiganja chake juu ya matundu ya hewa, nikamwambia, "Mama, hiki kinapumua kwa huku juu." Akanyamaza kidogo, akakitoa, akakitandika chini ya king'amuzi, maua yakaning'inia mbele ya rafu. Kinapendeza zaidi pale kuliko kilivyokuwa mwanzo.

Kisha kukaja habari ya saa. Mama alimwambia mjukuu wake, "Niwekee habari za saa mbili usiku." Mtoto akaandika 02:00, maana usiku ni usiku. Asubuhi tukafungua tukakuta saa nzima ya kituo kikirudia vipindi vya zamani. Mama hakulalamika, ila nilimwona amevunjika moyo, kama mtu aliyeahidiwa kitu na kikamponyoka. Vyombo hivi vinahesabu siku kuanzia katikati ya usiku. Sisi tunahesabu kuanzia kuchomoza na kuzama kwa jua, na hatuna sababu ya kuacha. Nimechana ukurasa wa daftari nikaubandika ubavuni mwa rafu kwa gundi ya karatasi: 19 ni saa moja, 20 ni saa mbili, 21 ni saa tatu. Tangu hapo hatujakosea. Lakini watengenezaji wanaouza maelfu ya vyombo Afrika Mashariki wanaweza kabisa kutuwekea saa ya Kiswahili kwenye menyu. Si kazi ngumu kwa mtu wa programu, ni suala la kumfikiria mnunuzi.

Vituo vyetu vya nyumbani navyo nina neno navyo. Kurekodi mfululizo, yaani kukiambia chombo kitunze kila sehemu ya tamthilia bila kukikumbusha, kunategemea ratiba ambayo kituo kinairusha pamoja na picha. Chaneli za nje ratiba zao zimejaa hadi wiki nzima mbele. Za kwetu, nyingi zinaandika tu "Vipindi mbalimbali" kuanzia asubuhi hadi usiku. Na hata pale palipoandikwa, kipindi cha saa mbili na nusu kinaanza saa mbili na dakika 40, kwa hiyo mtu anayerekodi anapata matangazo mwanzoni na anakatiwa mwisho, pale pale siri inapotaka kufichuka. Nimejifunza kuongeza dakika 5 mbele na 20 nyuma kwa kila ninachorekodi. Naona ni haki yetu kudai zaidi ya hapo. Kujaza ratiba na kuifuata ni heshima kwa mtazamaji, na sasa ambapo watu wanarekodi, uzembe huo unaonekana wazi.

Nafasi si tatizo. Chaneli inayorushwa kwa megabiti 4 kwa sekunde inakula gigabaiti 1.8 kwa saa, na mpira wa picha kali wa megabiti 8 unakula 3.6. Diski ya gigabaiti 500 inatosha mechi nyingi sana. Wanaoniuliza kwa nini nisitumie simu na intaneti tu, jibu langu ni bando. Mawimbi yanayoshuka kwenye dishi hayapunguzi hata megabaiti moja, hata tukirekodi usiku kucha.

Umeme ndio tatizo. Ukikatika katikati ya kurekodi, ukirudi chombo kinachukua dakika kadhaa kuamka, na dakika hizo zimekwenda. Tumenunua UPS ndogo ya kompyuta, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, inakishikilia king'amuzi karibu saa nzima kwa sababu televisheni yenyewe hatuichomeki hapo. Mvua ya masika nayo, ikipiga kweli kweli, inayameza mawimbi angani, na kilichorekodiwa kinabaki na matobo. Kwa hilo hakuna dawa.

Lililoniudhi zaidi ni hili. Mwezi jana kifurushi kilikwisha tarehe 27 na mshahara ulikuwa haujaingia. Sikujali, nikajua tuna saa nyingi tulizohifadhi. Nikafungua sehemu ya tamthilia niliyorekodi wiki mbili nyuma, nikiwa nimelipia, na skrini ikaniambia nilipe kwanza. Kila tulichokuwa nacho mle ndani kilikuwa kimefungwa. Habari za mama, mechi, katuni za mtoto.

Mimi nimekua na deki ya kanda za video. Bara hatukuwa na kituo chochote cha televisheni hadi mwaka 1994, wakati Zanzibar walikuwa na yao, tena ya rangi, tangu 1973. Kwa hiyo kwetu picha ilikuwa kanda. Ukirekodi harusi au ukiazima kanda ya jirani, inabaki kabatini mpaka ioze, na hakuna anayekuja kukudai tena ili uitazame. Nchini Marekani jambo hili lilifikishwa hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi, kampuni za filamu zikitaka Sony izuiwe kuuza Betamax, deki zake za kurekodi kwenye kanda. Tarehe 17 Januari 1984 majaji 5 dhidi ya 4 waliamua kwamba mtu kurekodi kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa. Sheria yao si yetu, na kesi ile haikuwa ya kifurushi cha mwezi. Lakini hoja iliyo ndani yake naishika: kipindi kilichonifikia kihalali sebuleni kwangu, nikikiweka nikitazame kesho, sijamwibia mtu. Mwezi ambao kilirushwa niliulipia. Kunifungia leo ni kuniuzia muda halafu kuuchukua tena. Wenye huduma hizi wazuie kurekodi vipya hadi tulipe, hilo nalikubali. Vya zamani watuachie.

Tulilipa tarehe 30, kila kitu kikafunguka.

Jumatano iliyopita nilitoka zamu ya usiku. Tulikuwa tumepoteza mgonjwa alfajiri, na nilifika nyumbani sina hamu ya kuongea na mtu. Nililala hadi saa nane mchana. Nilipotoka chumbani nilimkuta mama sebuleni peke yake, televisheni imewashwa, picha imeganda kwenye mwanzo wa taarifa ya habari ya jana yake, msomaji amefumba macho nusu. Habari zile zilirekodiwa saa mbili usiku, na mama alikuwepo hapo hapo nyumbani, angeweza kuzitazama moja kwa moja. Kando yake palikuwa na vikombe viwili na chupa ya chai, na sahani ya vitumbua imefunikwa. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya rimoti.

"Kaa, mwanangu," akasema. "Sijazifungua. Nilikuwa nakungoja."