Simu ya Mwanao Usiivunje

Jina "gaidi wa peke yake", yaani anayeshambulia bila kundi, limetupotosha. Linamfanya mzazi aone kwamba jambo hili ni kama radi, likija limekuja na hakuna aliyejua. Sivyo. Mwaka 2014 watafiti Paul Gill, John Horgan na Paige Deckert walichapisha uchunguzi wa watu 119 waliofanya au kupanga ugaidi peke yao Ulaya na Marekani. Katika visa kama asilimia 64, jamaa au marafiki waliijua nia hiyo, kwa kuwa mhusika mwenyewe aliwaambia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wako wasiosema, lakini wengi husema. Basi tuulizane: nani alimsikia, na aliposikia alifanya nini?

Mombasa tuna sababu ya kuulizana. Tarehe 11 Septemba 2016 wanawake watatu waliingia kituo kikuu cha polisi hapa mjini wakidai wamekuja kuripoti simu iliyoibwa. Wakawashambulia askari kwa kisu na bomu la petroli, nao wakauawa hapohapo. Mwezi uliofuata, tarehe 27 Oktoba, mtu mmoja alimchoma kisu askari nje ya ubalozi wa Marekani, Nairobi, naye akapigwa risasi. Mashambulizi yote mawili kundi la Dola la Kiislamu lilidai ni ya wafuasi wake. Zamani familia ilipata dalili ya safari: kijana ametoweka, ameonekana njia ya Somalia. Kisu cha jikoni hakihitaji safari. Muda kati ya wazo na tendo umefupika, na sehemu kubwa ya muda huo hupita kwenye simu.

Intaneti haimpi mtu kinyongo asichokuwa nacho. Humchukulia kinyongo chake ikakipa jina, ikakipa adui, na ikamkusanyia watu wa kumpigia makofi. Mara nyingi huanza hadharani, kwa kipande cha mawaidha au picha za Waislamu wanaoteswa, na nyingi kati ya picha hizo ni za kweli; ndiyo maana kumwambia kijana "huo ni uongo" hakufui dafu. Anaandika maoni ya hasira. Mtu anamfuata kwa ujumbe wa faragha, anamwita akhi (ndugu yangu), anamuuliza habari za nyumbani. Kazi hakuna, baba mkali, askari walimzaba makofi akitoka msikitini: yote yanasikilizwa kwa upole ambao pengine hajaupata barazani. Kisha wanahamia kundi la Telegram, na mle ndani jumbe za sauti za usiku ndizo zinazofanya kazi kubwa, kwa Kiswahili. Al-Shabaab walikuwa na jarida la Kiswahili tangu 2012. Hawakungoja mitambo ya kampuni za mitandao ijifunze lugha yetu.

Kuna ujumbe mmoja ambao mlezi akiuona asilale: "Usimwambie mama, hatakuelewa." Hapo ndipo kamba inapokatwa. Baada yake huja majaribio madogo, kama kutuma shilingi mia tano kwa M-Pesa kwa mtu asiyemjua, kusajili laini kwa jina lake ampe mwingine, au kutafsiri video.

Ndevu, kanzu fupi na kuamkia tahajudi, sala ya usiku, si dalili. Tumewaumiza vijana wacha Mungu kwa ujinga huo, na kila aliyedhalilishwa hivyo ni mtaji wa yule wa inboksi. Tazama mambo mengine: anaacha masomo au kazi ghafla bila sababu inayoeleweka, analipa madeni na kuomba radhi kama anayeaga, anagawa nguo zake, anazungumzia jengo moja au siku moja kila mara. Mwaka 2010 mwanafunzi mmoja London alimchoma kisu mbunge Stephen Timms baada ya kusikiliza mihadhara ya Anwar al-Awlaki, mhubiri wa al-Qaeda, kwa zaidi ya saa mia moja. Hakumwambia mtu. Lakini wiki chache kabla alikuwa ameacha chuo.

Sasa umeuona ujumbe. Kosa la kwanza ni kuivunja simu. Akaunti haiko ndani ya kioo. Kesho ataingia kwa simu ya kuazima, na wewe umepoteza njia ya kumjua aliyekuwa akimvuta. WhatsApp inaweza kupangwa ifute ujumbe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, kwa hiyo kesho unaweza kuwa umechelewa mno. Chukua simu nyingine upige picha za skrini usiku huohuo: namba nzima pamoja na msimbo wa nchi, jina la akaunti linaloanza na alama ya @ (lile la juu hubadilishwa kila siku), kiungo cha kundi, tarehe na saa. Usijibu chochote ukijifanya yeye.

Kosa la pili ni kuirusha video kwenye kundi la familia ukiuliza "mmeona haya?" Hapo umekuwa msambazaji, na sheria huenda isikuulize nia yako. Shambulio la misikiti ya Christchurch, 15 Machi 2019, lilirushwa mubashara kwa dakika 17. Walioliona wakati ule hawakufika 200, na hakuna aliyeripoti hadi matangazo yalipokwisha. Katika saa 24 zilizofuata Facebook ilisema imeondoa nakala milioni 1.5. Mikono iliyosambaza ilikuwa mingi kuliko macho ya mwanzo.

Kosa la tatu ni kipigo, au kumwita shehe siku hiyohiyo aje kubishana naye aya kwa aya. Amefundishwa majibu. Mtafute mtu mmoja anayemheshimu, mjomba, ami au kocha wake, amuulize kilichompata kabla ya kumuuliza anaamini nini. Shehe mwenye elimu ana nafasi yake, baadaye.

Akitaja silaha, mahali au siku, piga 999 au 112, usisubiri kikao cha ukoo.

Najua kwa nini mkono unasita. Mwaka 2016 shirika la haki za binadamu la HAKI Africa liliorodhesha visa 81 vya mauaji na kupotea kwa watu Pwani kuanzia 2012, kadhaa vikidaiwa ni vya polisi. Mama anayejua kwamba wa jirani alichukuliwa hakurudi, atanyamaza, na ukimya wake ndio ngome ya yule wa Telegram. Pasipo hatari ya saa ileile, asiende kituoni peke yake. Aende na wakili au mtu wa shirika la haki za binadamu, aandikishe taarifa, adai namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), nakala za picha zibaki kwa wakili. Na polisi wa Mombasa waweke chumba mbali na kaunta, afisa mwanamke anayejulikana kwa jina, na ahadi ya maandishi kwamba kijana aliyeletwa na mzazi kabla ya kumdhuru mtu atahojiwa mbele ya mzazi huyohuyo.