Daftari nauza, cheti siuzi

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga mjini, kwenye zile barabara zetu zenye namba badala ya majina. Natoa kopi, napiga picha za pasipoti saizi, najazia watu fomu za mtandaoni, na kila Januari nauza daftari mpaka kiuno kinauma. Januari hiyo hiyo huja watu wa misaada. Wananunua kwa katoni, hawaombi punguzo sana, wanapakia kwenye bajaji na kwenda zao shuleni. Kule watoto wanapangwa mstari, kila mmoja na daftari zake tano kifuani, bango nyuma, mgeni rasmi katikati, picha. Wananipa biashara, kwa hiyo siwasemi vibaya. Daftari linahitajika. Ila mimi niko hapa pia mwezi wa saba, wakati mabango yameshakunjwa, na shida zinazoingia mlangoni kwangu mwezi wa saba hazitatuliwi na daftari.

Kikundi ninachotaka kukieleza leo hakijawahi kununua katoni hata moja kwangu. Ni akina mama kama wanane na wazee wawili, wamejisajili, wana chumba kimoja cha kupanga chenye benchi na kabati lisilofunga vizuri. Jina lao siandiki. Mwenyekiti wao alinikataza, akasema wakitangazwa watajaziwa mlango na watu wanaotaka unga, na unga hawana. Ukiwauliza wanafanya nini watakwambia wanasaidia watoto na familia, kama asasi zote zinavyosema. Ukiwauliza wanatoa nini, hawatoi kitu. Wanafuata makaratasi, hasa vyeti vya kuzaliwa.

Mara ya kwanza nilimdhania mama mmoja wa kikundi hiki ni kishoka. Nani asiyewajua vishoka? Mtu anakaa nje ya ofisi na bahasha kwapani, anakwambia cheti chako kinatoka leo leo ukimpa ya chai. Huyu ni mama wa makamo ya mama yangu mzazi, mtaa mzima unamwita Shangazi, na alikuwa akiingia dukani mara tatu kwa wiki, kila siku na mama mwingine, kila siku na kadi nyingine ya kliniki. "Mwanangu, nitolee kopi mbili mbili, na huku nyuma usisahau." Natoa, ananilipa, nanyamaza. Siku moja nikamuuliza, kwa kejeli kidogo nakiri, kwa kila kichwa anapata shilingi ngapi. Hakukasirika. Akafungua kidaftari chake cha nauli: Sahare kwenda na kurudi, Bombo, wilayani, Sahare tena. Safu ya mwisho ilikuwa imeandikwa posho kwa kalamu nyekundu, na ukurasa mzima haikuwa na kitu.

Niwaonyeshe karatasi moja. Mama muuza samaki, mumewe mvuvi, mtoto wao wa kiume yuko darasa la sita. Shangazi alimleta mchana wa jua kali. Mama akatoa mfuko wa nailoni, ndani yake mfuko mwingine, ndani yake kadi ya kliniki iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imekuwa matobo. Wino wa tarehe ya kuzaliwa umechuruzika, kwa sababu mfuko ulikuwa unaning'inia kwenye msumari chini ya paa linalovuja. Mahali pa jina la mtoto pameandikwa "Mtoto wa", halafu jina la mama. Basi. Kadi ile haimjui kijana yule kwa jina lolote.

Mtu wa nje atasema mama mzembe. Wala. Mtoto anazaliwa wodini, muuguzi anaandika tangazo la kizazi siku ile ile. Kwetu mtoto anangoja siku ya saba, bibi wa upande huu na bibi wa upande ule washindane kwanza, ndipo apewe jina. Siku ya saba mama yuko nyumbani na mchango wake wa mbuzi wa akika. Nani atarudi hospitali kuandikisha? Kisha jina lenyewe ni matatu: lako, la baba, la babu. Baba akiwa hajulikani, au anajulikana lakini anakataa, babu mzaa mama ndiye anayeingizwa hapo kati, na kila atakayeandika baadaye ataandika anavyosikia. Kliniki Mwanaidi, shule Mwanaid, madrasa Mwana Idi. Kwa macho ya kompyuta hao ni watoto watatu.

Na baba mwenyewe yuko wapi? Yuko dago. Wavuvi wetu hufuata samaki, wanapiga kambi huko mbali kwa miezi, na simu ya nahodha haipatikani. Ofisi inataka vitambulisho vya wazazi wote wawili, mmoja yuko kisiwani anakausha samaki. Mama anaambiwa "njoo na baba mtoto", anarudi nyumbani, na hayo ndiyo mwisho wake. Kila kurudi ni nauli, na siku ya kwenda ofisini ni siku ambayo beseni la samaki halikutoka.

Hapo ndipo Shangazi anapoingia. Alikaa na yule mama kwenye benchi langu wakaanza kukumbuka. Mtoto alizaliwa msimu gani, kusi au kaskazi? Nani alikuwa jirani wa kitanda wodini? Mkunga aliyempokea bado yupo? Nani alisoma dua ya akika? Baada ya wiki mbili walikuwa na barua ya mtendaji, barua ya mwalimu mkuu, mjumbe aliyekubali kusimama shahidi, na kopi ya kitambulisho cha baba iliyopigwa picha kwa simu ya mvuvi mwenziwe na kutumwa kwangu usiku. Nikaichapa. Ilikuwa na kivuli cha kidole gumba pembeni, nikahangaika nayo nusu saa kuisafisha.

Haraka yote hiyo ilikuwa na sababu. Jina linalosajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba ndilo linalomfuata mtoto sekondari, na likishakaa vibaya pale, kulirekebisha ni safari za wakili, kiapo na foleni. Kijana alikuwa amebakiza miezi.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, na uchungu huo ni wangu mwenyewe. Baba yangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko Muheza. Alikufa asubuhi nyumbani, alasiri tukamzika, kama inavyotakiwa. Nilikuwa shule ya msingi. Hakuna aliyewaza kibali cha mazishi wala cheti cha kifo, watu waliwaza sanda na maji. Miaka ikapita, nikachaguliwa chuo, nikaomba mkopo. Fomu ikauliza wazazi. Nikajaza baba amefariki. Wakataka cheti chake, kilichohakikiwa. Nilizunguka ofisi moja hadi nyingine, karani mmoja akaniambia kwa utaratibu kabisa, akinywa soda: "Kwa kumbukumbu zetu, baba yako hajafa." Dirisha la maombi likafungwa nikiwa kwenye foleni. Sikwenda chuo mwaka ule, na mwaka uliofuata nilikuwa nimeshanunua mashine ya kopi ya mtumba. Sijutii mashine. Lakini huwa najiuliza ingekuwaje kama mtaani kwetu kungekuwa na Shangazi.

Leo msimu wa maombi ya mikopo ukifika, najaza fomu za vijana kutwa. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na yatima analeta na vyeti vya vifo. Fikirieni jambo hilo: yule aliyepungukiwa zaidi ndiye anayedaiwa karatasi nyingi zaidi. Wenye wazazi wote wanamaliza kwa siku moja. Yatima anakaa kwenye benchi langu wiki tatu. Na si chuo tu. Ukifika miaka 18 NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wanakuuliza cheti. Bila namba ya NIDA, tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ulipoanza 2019, laini ya simu utaitumia kwa jina la mjomba. Na laini ikiwa ya mjomba, fedha zilizomo ni za mjomba pia, akiamua.

Najua nitaambiwa hii ni kazi ya serikali. Ni kweli, na serikali haikulala. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ana haki ya jina na uraia, na mzazi ana wajibu wa kumsajili. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 bila malipo, kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, ulianzia Mbeya 2013 ukaendelea kusambaa mikoani. Ada shule za msingi ziliondolewa zamani, na sekondari mpaka kidato cha nne zikafuata 2016. Vizuri. Lakini mlango ukiwa wazi bado mtu anahitaji miguu ya kuufikia. Mama ambaye hajasoma, amefunga kanga yake kwa heshima, akisimama mbele ya dirisha na kuulizwa kwa Kiswahili cha ofisini "kiambatanisho kiko wapi", anaitika "ndiyo" na kuondoka. Nimewaona. Akiwa na Shangazi pembeni, swali lile lile linajibiwa, na karani naye, nisimsingizie, anakuwa mpole ghafla.

Wafadhili hawaipendi kazi hii. Kikundi kiliwahi kuandika andiko la mradi, nililichapa mimi, kurasa kumi na nane. Waliomba nauli, kopi, na simu mbili. Jibu likaja kwamba wangefikiriwa kama wangeongeza semina na mahema. Mwingine alikuja mwenyewe, kijana mstaarabu tu, akataka picha ya mtoto akishika cheti huku anatabasamu. Shangazi akamuuliza: "Mwanangu, wewe cha kwako nani alikupiga picha ukikipokea?" Tunajisifu Tanga ni waja leo waondoka leo, tukiusifu utamu wa mji. Miradi nayo huja leo ikaondoka leo, ila hiyo haina utamu wowote. Huacha fulana.

Nisiwapambe kupita kiasi wenzangu hawa. Kikundi kizima kinategemea kichwa cha mama mmoja mwenye goti bovu. Anajua karani gani yuko zamu Jumanne, mjumbe gani anaamka mapema, mkunga gani amehamia Pongwe, na hakuna kati ya hayo aliloandika mahali. Akiugua wiki moja, familia kumi na kitu zinasimama. Nimewaambia waweke msichana aliyemaliza kidato cha nne akae naye, aandike kila kitu kwenye kompyuta yangu bure saa za jioni. Wamekubali kwa mdomo. Mpaka leo kiti hakina mtu. Na kabati lao lisilofunga lina kopi za vyeti vya watu, jambo linalonitia hofu kuliko wao wenyewe linavyowatia.

Pia wanawasahau wababa. Kila mtu anayekaa kwenye benchi langu ni mama au bibi. Wanasema wanaume hawapatikani, nami nasema mchana hawapatikani, lakini alfajiri pale soko la samaki la Deep Sea, mashua zinapoingia, wote wapo wanagombania bei. Peleka fomu pale. Shangazi amecheka, akasema goti halipandi alfajiri. Nimesema nitakwenda mimi. Nimeshakwenda mara moja, nikapata saini mbili na kibua wanne wa bure.

Cheti cha yule kijana kilitoka. Nilichapa maombi yenyewe kwa mkono wangu, kwa hiyo nilijiona na sehemu yangu. Mama alikishika kwa ncha za vidole kama mtu anayeshika chapati ya moto, maana mikono ilikuwa na magamba. Hasomi. Akakigeuza, akakirudisha, akamwambia mwanawe asome kwa sauti. Kijana akasoma jina lake, la baba, la babu. Mama akamkatisha: "La babu yako wameandika na h?" Wameandika. Akaniambia nitoe kopi sita. Nilimtoza, biashara ni biashara, ila ile ya rangi nilimpa.

Walipoondoka Shangazi alibaki akijisugua goti. Sikupanga kusema kitu, nikajikuta namwuliza kama mtu aliyekufa zamani kule shamba, akazikwa siku ile ile bila karatasi, anaweza kupatiwa cheti sasa. Akaniuliza ni nani wako. Nikamwambia. Akafungua kidaftari, akalamba ncha ya kidole, akatafuta ukurasa mweupe.

"Waliomwosha wako hai?"

Nikasema mmoja yuko, mzee sana, haoni vizuri.

"Anasema?"

"Anasema."

Akaandika Muheza, akaandika Jumatano. Kwenye safu ya nauli akapiga mstari, akaniambia hiyo nitalipa mwenyewe.